Kifutu wa Kerege na panya wa maabara: je, sumu ya nyoka inatibu saratani?

Mwezi uliopita nilienda Kerege kumsalimia shangazi. Kama hupajui, Kerege ipo barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, ukishapita Mapinga. Zamani ilikuwa mikorosho na minazi, siku hizi kila ukigeuka unakuta msingi wa nyumba na rundo la matofali. Sijamaliza hata chai, shangazi akaingia ndani, akatoka na chupa ndogo ya kahawia.

"Wewe si ndiye unayesoma mambo ya sumu huko chuoni?" akaniuliza. "Haya, niambie. Hii wanasema ina sumu ya nyoka. Inayeyusha saratani."

Chupa haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani yake, mama mmoja aliyegundulika ana saratani ya titi na kupangiwa tarehe ya kuanza matibabu Ocean Road. Kuna mtu alipita na begi la dawa, akamwambia asihangaike na foleni wala kunyonyoka nywele. Wazungu wenyewe, eti, wameshaipima sumu ya nyoka kwa panya na uvimbe ukaisha. Akamwonyesha na habari kwenye simu. Jirani alikuwa ameshaanza kufikiria kuahirisha tarehe yake.

Ningeweza kusema "huo uongo mtupu" na kuendelea na chai. Tatizo ni kwamba nusu ya maneno ya yule muuzaji ni kweli. Panya wapo kweli, sumu ya nyoka ilitumika kweli, na kuna uvimbe uliopungua kweli. Ndiyo maana naandika makala hii, ili ujue ile nusu ya kweli inaishia wapi na hatari inaanzia wapi.

Kwanza tumjue mwenye sumu

Ukiishi ukanda huu wa pwani, nyoka wenye sumu unaoweza kukutana nao ni kadhaa. Kuna koboko, mweusi kwa jina ingawa mwili wake ni wa kijivu au kahawia. Weusi wenyewe upo ndani ya mdomo. Kuna ndugu yake wa kijani, anayependa kukaa juu ya miembe, mikorosho na minazi. Kuna swila, anayeweza kukutemea sumu machoni akiwa mbali. Halafu kuna kifutu.

Kifutu ndiye nataka umkumbuke leo. Ni mfupi, mara nyingi hafiki hata mita moja, mnene, mwenye rangi za majani makavu. Akikasirika anajijaza hewa na kupuliza kwa sauti, na jina lake linakukumbusha hasa hicho: kufutuka. Hatagi mayai, anazaa watoto hai, na anazaa kweli kweli. Jike mmoja aliyetoka Kenya na kufugwa kwenye bustani ya wanyama katika Jamhuri ya Czech alizaa watoto 156 kwa mkupuo mmoja.

Kifutu hakimbii. Anategemea kujificha, anatulia pale pale hadi umkanyage. Kwa hiyo mtu anayefyeka kiwanja, fundi anayeinua matofali, mtoto anayefuata mpira kwenye nyasi, hao ndio wanaokutana naye. Akikuuma, mguu unavimba, unatoa malengelenge, ngozi na nyama vinaanza kufa, na damu inaweza kuvuja chini ya ngozi. Wengi wanapona wakiwahi matibabu. Wengine wanabaki na ulemavu.

Sasa, nyoka huyu huyu ndiye mwenye moja ya protini zilizowavutia watafiti wa saratani. Tutafika.

Sumu moja, silaha nyingi

Kwenye Kiswahili tuna neno moja tu, sumu. Sumu ya panya dukani ni sumu, uyoga mbaya ni sumu, na nyoka naye ana sumu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya sumu unayoimeza na sumu unayochomwa. Sumu ya nyoka sehemu kubwa ni protini, na kazi yake inaanza inapopenya chini ya ngozi na kuingia mwilini. Weka hilo pembeni, tutalihitaji tukirudi kwenye ile chupa.

Jambo la pili ni kwamba sumu ya nyoka ni mchanganyiko wa vitu vingi. Ifikirie kama pilau. Ukila unasema "pilau", lakini ndani kuna mchele, nyama, bizari, karafuu, iliki, na kila kimoja kina kazi yake. Ndani ya sumu ya nyoka kuna makumi ya protini tofauti. Koboko amejaliwa zaidi zile zinazoshambulia mawasiliano ya neva na misuli, ndiyo maana mtu aliyeumwa naye anaweza kushindwa kupumua. Kifutu yeye ana vimeng'enya vingi vinavyokatakata ile nyavu inayoshikilia seli pamoja na kuta za mishipa midogo ya damu. Matokeo yake ndiyo yale uliyosoma hapo juu: kuvimba, kuvuja, kuoza.

Pembeni ya vimeng'enya hivyo kuna protini ndogo ziitwazo disintegrini. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba nyingi kati ya hizi ni vipande vilivyokatika kutoka kwenye protini kubwa zaidi, zile zile zinazozaa vimeng'enya vya kukata. Yaani kutoka kwenye gogo moja, nyoka anapata panga na kipini.

Panya wanaingiaje hapa?

Kila ukisoma habari ya sumu ya nyoka utawakuta panya weupe wa maabara. Wapo kwa sababu mbili, na watu wengi huzichanganya.

Sababu ya kwanza ni kupima ukali. Tangu mwaka 1927, Mwingereza J.W. Trevan alipopendekeza njia hiyo, wanasayansi wamekuwa wakiuliza: ni dozi gani inaua nusu ya wanyama waliopewa? Kwa koboko, takwimu inayonukuliwa sana ni kama miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wa panya, ikichomwa chini ya ngozi. Panya wa maabara ana gramu 20 hivi. Piga hesabu: unapata kama sehemu 6 za milioni ya gramu. Hiyo ni ndogo kuliko chembe moja ya chumvi ya mezani. Kifutu, kwa panya huyo huyo, inabidi sumu iwe nyingi zaidi, lakini yeye hana ubahili. Akiuma anaweza kumimina miligramu 100 na zaidi.

Kufa siyo kipimo pekee. Kuna vipimo vya kuona sumu kiasi gani inasababisha damu kuvuja chini ya ngozi ya panya, na kiasi gani inaozesha kipande cha ngozi. Utasema ni ukatili, na ni halali kusema hivyo. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kanuni ambazo leo kila mtafiti wa wanyama anatakiwa kuzijua: badala ya mnyama tumia kitu kingine inapowezekana, punguza idadi, na boresha namna unavyomtunza ili asiteseke bure. Hata hivyo, bado hatujaweza kuachana na panya kabisa. Dawa ya kutibu aliyeumwa na nyoka, ile antivenomu inayotokana na damu ya farasi, lazima ithibitishwe kwamba inaokoa panya kabla haijapelekwa kwa binadamu.

Sababu ya pili ndiyo ya leo: panya wenye saratani. Hapa watafiti wanapandikiza seli za saratani kwenye panya, wanasubiri uvimbe uote, halafu wanampa dawa wanayoijaribu. Ili panya asizikatae seli za binadamu, mara nyingi wanatumia aina ya panya ambao kinga yao ya mwili ni dhaifu sana tangu kuzaliwa. Ukumbuke na hili, nalo tutalirudia.

Historia ndefu kuliko unavyodhani

Angalia bega lako. Kama ulizaliwa hapa kwetu, huenda una kale kakovu kadogo ka chanjo ya kifua kikuu, BCG. Ile C ni Albert Calmette, daktari wa Kifaransa. Kabla ya BCG, Calmette alikuwa mtu wa nyoka. Akiwa Saigon miaka ya 1890 alianza kufanya kazi na sumu ya fira, na mwaka 1894 akawa miongoni mwa wa kwanza duniani kutangaza seramu ya kutibu sumu ya nyoka.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1933, ambao ndio mwaka aliofariki, Calmette na wenzake Saenz na Costil walichapisha ripoti kuhusu sumu ya fira na uvimbe wa saratani kwa panya. Kwa hiyo yule muuzaji wa chupa hajaleta jipya. Wazo hili lina miaka zaidi ya 90. Na hapo hapo ujiulize: miaka 90 yote hiyo, mbona hatuna sindano ya sumu ya nyoka pale Ocean Road?

Nanga za seli

Ili tujibu, twende ufukweni Bagamoyo. Jahazi likifika linatia nanga. Bila nanga linachukuliwa na maji. Seli zetu nazo zina nanga. Juu ya uso wa seli kuna protini ziitwazo integrini, ambazo zinashika vitu vilivyo nje ya seli. Chembe sahani za damu zinatumia integrini kushikana na kuziba jeraha. Seli zinazojenga mishipa mipya ya damu zinatumia integrini kujivuta mbele.

Seli ya saratani inahitaji yote hayo. Uvimbe ukikua bila mishipa mipya ya damu unakosa chakula. Na seli ikitaka kuhama kutoka titi kwenda kwenye mapafu, lazima ing'oe nanga hapa na kuitia kule.

Disintegrini za nyoka zinaziba hapo hapo. Nyingi zimebeba alama fupi ya asidi amino tatu, arginini, glisini na asidi aspartiki, ambayo ndiyo alama integrini nyingi huitafuta zinapotaka kushika. Disintegrini inaingia, inakaa kwenye mkono wa integrini, na nanga inakosa pa kushika. Kwa nyoka, faida ni kwamba damu ya windo haigandi. Kwa mtafiti wa saratani, faida inayotamaniwa ni kuzuia uvimbe kujenga mishipa na kusambaa.

Disintegrini ya kifutu wetu inaitwa bitistatini, kutokana na jina la kisayansi la kifutu, *Bitis arietans*. Ni mnyororo wa asidi amino 83, na wanasayansi waliieleza mwaka 1989 kama kizuizi cha kuganda kwa damu. Baadaye watafiti wa Marekani waliifunga na madini yenye mionzi na kuitumia kutafuta mabonge ya damu ndani ya mishipa ya mbwa wa maabara. Mwaka 2004 ikafungwa na shaba yenye mionzi, ikachomwa kwa panya wenye uvimbe, ili kuona kama itakwenda kujishikiza kwenye mishipa mipya ya saratani.

Umeona hilo? Kwenye kazi hiyo bitistatini ilitumika kama tochi, kuonyesha uvimbe ulipo. Haikupelekwa kuua chochote. Habari ya aina hiyo ikizunguka kwenye simu mara tatu, inageuka kuwa "sumu ya kifutu yatibu saratani".

Kuna waliokwenda mbali zaidi

Mfano maarufu ni wa nyoka wa Marekani aitwaye copperhead. Francis Markland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa kwake disintegrini waliyoiita kontortrostatini. Walipoitoa kwa panya waliopandikizwa seli za saratani ya binadamu, uvimbe ulikua polepole, mishipa mipya ya damu ikapungua, na saratani ilisambaa kidogo kuelekea mapafuni. Baadaye waliifungia ndani ya vijifuko vidogo vya mafuta ili iweze kupewa kwa njia ya mshipa.

Matokeo mazuri, sikatai. Lakini kuna kituko kimoja ambacho habari za simu hazikuambii. Seli zilizotumika, zilizojulikana kwa miaka mingi duniani kote kama za saratani ya titi, baadaye vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba zinafanana na za melanoma, yaani saratani ya ngozi. Hilo halikuwa kosa la maabara moja. Maabara nyingi zilikuwa zinatumia seli hizo hizo. Lakini linakuonyesha kwa nini "imefanya kazi kwa panya mwenye saratani ya titi" ni sentensi ya kusoma polepole.

Mfano wa pili ulifika hadi kwa binadamu. Nyoka mwenye njuga mkiani wa Amerika Kusini ana sumu iitwayo krotoksini. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio la awamu ya kwanza lililofanyika Argentina, kwa wagonjwa 23 wenye saratani iliyokuwa imeshasonga sana. Wachache uvimbe wao ulipungua. Zaidi ya nusu walianza kuona kitu kimoja kama viwili, kwa sababu misuli ya macho ilikuwa inalegea kwa sumu, ingawa hali hiyo iliisha. Awamu ya kwanza kazi yake ni kutafuta dozi ambayo mtu anaweza kuivumilia. Haijibu swali kama dawa inatibu. Na hadi leo, naomba hili ulisome mara mbili, hakuna dawa ya saratani iliyotokana na sumu ya nyoka iliyoidhinishwa kutumika hospitalini.

Kwa nini safari kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni ndefu

Ngoja nikupe sababu nne, kwa lugha ya kawaida.

Ya kwanza: kuua seli ya saratani kwenye sahani ya maabara ni kazi rahisi mno. Hata Jik inaua. Chumvi nyingi inaua. Kazi ngumu ni kuua seli ya saratani na kuiacha ya jirani yake ikiwa nzima. Sumu ya nyoka haikuumbwa kuchagua. Imeumbwa kuangusha mnyama mzima. Kwenye utafiti mwingi, dozi inayotesa uvimbe haiko mbali na ile inayotesa figo, ini au neva za panya mwenyewe.

Ya pili: panya yule hana kinga ya kawaida. Wewe unayo. Protini ya nyoka ikiingia mwilini mwako, kinga yako inaitambua kama mgeni na kuanza kutengeneza silaha dhidi yake. Ukipewa tena na tena, unaweza kupata mzio mkali, au dawa ikazuiliwa kabla haijafika inakokwenda.

Ya tatu: uvimbe wa panya unapandikizwa leo na kutibiwa baada ya siku au wiki chache. Saratani ya mtu inaweza kuwa imejijenga kwa miaka, ina seli za aina nyingi, na imeshajifunza mbinu nyingi za kujificha.

Ya nne ndiyo inayouma zaidi: hata wazo likiwa sahihi, linaweza kushindwa. Ile mbinu ya kuziba nanga ilijaribiwa kwa dawa ya kutengenezwa maabara iitwayo cilengitide, iliyobeba alama ile ile ya asidi amino tatu. Kwa wanyama ilitia matumaini. Ikaenda kwenye jaribio kubwa kwa wagonjwa 545 wenye saratani kali ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliopewa dawa hiyo juu ya matibabu ya kawaida hawakuishi muda mrefu kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Miaka ya kazi, mabilioni ya fedha, na jibu likawa hapana.

Usinielewe vibaya. Sumu za nyoka zimeshatupa dawa. Captopril, dawa ya presha ambayo pengine bibi yako ameshaitumia, ilibuniwa kwa kuiga kitu kilichopatikana kwenye sumu ya nyoka wa Brazil, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa wagonjwa wa moyo, eptifibatide na tirofiban, zilitokana na kuchunguza disintegrini za nyoka, na zote ziliidhinishwa 1998. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa waliripoti kwamba sumu ya koboko ina protini zinazotuliza maumivu ya panya kwa nguvu inayokaribia ya mofini. Lakini angalia kilichofanyika: hakuna mgonjwa anayekunywa sumu ya nyoka. Watu walichukua wazo moja kutoka ndani ya ile pilau, wakalitengeneza upya, wakapima dozi, wakapima madhara, ndipo likawa kidonge au sindano.

Turudi kwenye chupa

Nilimwambia shangazi hivi. Sijui ndani ya chupa mna nini, na hata aliyeiuza huenda hajui. Lakini tuseme mna sumu halisi ya nyoka. Sumu hiyo ni protini. Ukimeza protini, tumbo linaisaga kama linavyosaga samaki wa jana. Haitafika kwenye titi. Na kama mtu ana kidonda mdomoni au tumboni, inaweza kupenya kwenye damu, na hapo tunazungumzia kuumwa na nyoka bila nyoka. Kwa hiyo chupa ina njia mbili tu: isifanye kitu, au idhuru.

Shangazi akaniuliza swali zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa kwenye semina. "Sasa na lile jiwe la nyoka? Mbona linavuta sumu, na watu wanapona?"

Lile jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha, ambalo mara nyingi ni mfupa wa ng'ombe uliounguzwa, limepimwa. Na limepimwa kwa panya, kwa kutumia sumu ya nyoka wa Afrika akiwemo kifutu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 hayakuonyesha faida yoyote ya kuokoa. Watu wanapona kwa sababu nyoka wengi hawana sumu kali, na hata mwenye sumu mara nyingine anauma bila kuimimina. Jiwe linachukua sifa isiyo yake. Kwa hiyo unaona, panya huyo huyo ambaye muuzaji wa chupa anamtumia kama shahidi wake, ndiye anayetuambia jiwe halifanyi kazi. Hatuwezi kumsikiliza panya pale tu anapotupendeza.

Kitu kinachoweza kuokoa mtu leo

Wakati dunia inasubiri dawa ya saratani kutoka kwa nyoka, nyoka wenyewe wanaendelea kuua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na ulemavu ni mara kadhaa ya hao. Mwaka 2017 liliingiza tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Miaka mitatu kabla, mwaka 2014, kampuni iliyokuwa ikitengeneza FAV-Afrique, antivenomu iliyotegemewa sana barani kwetu, ilisimamisha uzalishaji. Waathirika wakubwa ni wakulima na watoto wa vijijini, na hao si soko linalolipa.

Hapa utafiti wa sumu kwa wanyama wa maabara una kazi ya moja kwa moja. Sumu ya kifutu wa hapa inaweza kutofautiana na ya kifutu wa Afrika Magharibi, na antivenomu iliyotengenezwa kwa sumu ya kule inaweza isifae vizuri huku. Lazima mtu aipime, na ni vizuri akiwa mtu wa hapa hapa. Watamu, Kenya, shamba la nyoka la Bio-Ken limekuwa likifanya kazi ya kukamua sumu na kufundisha jamii tangu 1980, na Nairobi kuna kituo cha utafiti wa kuumwa na nyoka kwenye Taasisi ya Utafiti wa Nyani. Sisi tunao nyoka, tunao wagonjwa, na tunao vijana wenye shahada wanaotafuta mada ya utafiti. Hilo nalisema kwa nia njema, na kwa wivu kidogo.

Kama unaishi Kerege, Zinga, Kiromo au popote kwenye majani na matofali, chukua haya. Usiku tembea na tochi na viatu. Usiingize mkono kwenye rundo bila kuangalia. Ukiumwa, usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usimwage mafuta ya taa. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Tuliza kiungo kilichoumwa, kiasi kama unavyotuliza mkono uliovunjika, na uende hospitali upesi. Pikipiki ni sawa, mradi usiendeshe mwenyewe. Usihangaike kumkamata nyoka. Daktari anaweza kujua mengi kwa kuweka damu yako kwenye kichupa cha glasi kwa dakika 20 na kuangalia kama itaganda.

Mwisho wa chai

Yule mama jirani alikuja jioni ile, akakaa kwenye mkeka na sisi. Hakutaka mhadhara wangu wa integrini, na sikumpa. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kama anapoteza nafasi ya kupona kwa kuacha chupa. Nikamwambia nafasi ya kupona anaipoteza kwa kuacha tarehe. Saratani ya titi ikiwahiwa inatibika, na kila mwezi unaopita uvimbe unautumia vizuri kuliko wewe. Kemo inanyonyoa nywele kweli, na inachosha kweli. Lakini ilipita kwa panya, ikapita kwa wagonjwa wachache, ikapita kwa maelfu, na tunajua inasaidia kiasi gani na inaumiza wapi. Chupa haijapita popote zaidi ya mfukoni mwa muuzaji.

Akanyamaza. Halafu akauliza kama nywele huwa zinaota tena.

Nikamwambia huwa zinaota.

Wiki iliyofuata shangazi alinipigia akiwa kwenye daladala, kelele tupu. Walikuwa wanarudi kutoka Ocean Road, wawili. Kuhusu chupa, alisema ameichimbia shimo nyuma ya choo, mbali na kisima. Halafu akaongeza kwamba fundi amemkuta kifutu chini ya matofali asubuhi ile, amelala zake, na wamemwacha aondoke mwenyewe. "Nimewaambia wasimuue," akasema. "Nimewaambia huyo bado mnamsomea."